"Asilimia moja tu" ya Watanzania si soko

Juzi kijana mmoja alikuja ofisini kwangu na programu yake ya kutunzia stoo za maduka ya vipuri vya magari. Slaidi ya tatu ikasema: "Watanzania milioni 61. Tukipata asilimia moja tu..." Nikamwomba aishie hapo. Sentensi hiyo nimeisikia mno, na nimeona watu wakimaliza akiba zao kwa kuiamini.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Asilimia moja yao ni zaidi ya laki sita. Lakini katika kila Watanzania kumi, zaidi ya wanne ni watoto wasiofika miaka 15. Ukiwatoa hao, bado wabaki wakulima, walimu, mama lishe, na wote hao hawana stoo ya vipuri. Asilimia moja inadanganya kwa sababu inasikika kama ombi dogo. Haikuambii mteja wa kwanza ni nani, anakaa wapi, wala itakugharimu shilingi ngapi kumfikia.

Soko linahesabiwa kuanzia chini. Tulifunga kompyuta tukaenda mtaa wa Gerezani, Kariakoo, kwenye maduka ya vipuri, nikamwambia ahesabu milango. Duka la tatu, mzee akatutolea kaunta buku lililoshikiliwa na selotepu: breki padi, gasketi, fani belti, kila kitu kwa mwandiko wake, madeni kwa kalamu nyekundu. "Mimi hili linanitosha, mwanangu. Nashinda hapa mwenyewe." Milango michache mbele, muuzaji akasema bosi ana maduka matatu na huja jioni kuchukua hesabu. Huyo bosi ndiye mteja! Anaibiwa asipokuwepo, na atalipa ili aone mauzo akiwa nyumbani Tabata.

Katika milango arobaini, yenye bosi wa namna hiyo ilikuwa kumi na mmoja. Kwa elfu kumi na tano kwa mwezi, wote wakikubali, ni 165,000. Kijana alinyong'onyea. Mimi nilifurahi, maana sasa tulikuwa na namba ya kuizidisha kwa mitaa mingine, na tulijua nani wa kumtafuta na saa ngapi.

Makosa mengine ninayoyasikia kwa wenye mawazo ya biashara nayasema kwa kifupi. Takwimu za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, za laini za simu ni takwimu za laini. Mtu mmoja ana laini mbili, tatu, kwa hiyo usiziandike kama watumiaji.

"Hatuna mshindani." Mnaye. Ni lile kaunta buku, na baada yake kundi la WhatsApp ambalo halimgharimu mtu ada yoyote.

Eti utafiti ni wa kampuni zenye fedha. Siku ile tulitumia nauli ya daladala na maji ya kunywa.

Na hii ya fomu za mtandaoni: "Watu mia mbili wamesema watanunua." Kwetu mtu hakukatalii usoni, hasa akijua umehangaika. Atasema "wazo zuri sana, mdogo wangu," na hutamwona tena. Usimuulize kama atanunua. Muulize mwezi uliopita alipoteza mzigo gani na alifanya nini, kisha umwombe elfu tano ya kutanguliza, papo hapo, kwa simu. Akianza kusema "nitakutafuta," usimhesabu.