Jamii za baada ya ujamaa haziko "katika mpito"

Kila unapotajwa kwa Kiswahili utafiti wa wanaanthropolojia kuhusu Ulaya ya Mashariki na nchi zilizokuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti, hukosi kuambiwa kwamba ni utafiti wa "jamii zilizo katika kipindi cha mpito". Nimekutana na maneno hayo tena hivi karibuni, katika muhtasari wa mhadhara ulioandikwa kwa Kiswahili safi kabisa, na usafi wenyewe ndio ulionifanya nisiweze kulipuuza kosa. Wengi wa waliounda uwanja huo wa utafiti walilipinga wazo hilo hilo la mpito tangu miaka ya 1990.

Dhana ya "jamii za baada ya ujamaa" yenyewe haina ugumu. Tawala za kikomunisti za Ulaya ya Mashariki zilianza kuanguka mwaka 1989, Umoja wa Kisovieti ukavunjika Desemba 1991, na watafiti wakaenda kukaa vijijini, viwandani na sokoni ili waone jinsi watu walivyobadili, au walivyokataa kubadili, namna zao za kufanya kazi, kumiliki mali, kusaidiana, kuzika na kukumbuka. Hizo ndizo jamii za baada ya ujamaa.

Ugomvi wangu uko kwenye "mpito". Neno hili limetokana na kitenzi "pita", kwa m- mwanzoni na -o mwishoni, kama "mchezo" ulivyotokana na "cheza" na "mwendo" na "enda". Kinachopita hakikai. Mpita njia hana nyumba hapo tunapomwona, bali anatoka kwingine na kwenda kwingine, nasi huchukulia kwamba anakujua aendako. Ndiyo maana "serikali ya mpito" ni msemo usio na dosari, kwani serikali ya namna hiyo huwekwa ikitarajiwa kuondoka. Wachumi waliozishauri serikali mpya za Warsaw na Moscow walikuwa na picha hiyo hiyo: watu wametoka kwenye uchumi unaopangwa na dola, wanaelekea kwenye soko huria, na yanayowapata katikati ni adha ya safari. Mtafiti akishaikubali picha hiyo, kila anachokiona kijijini kitakuwa ama hatua ya kusonga mbele ama masalia ya ukaidi, na jambo jipya ambalo halikuwepo zamani wala halimo katika vitabu vya wachumi litampita machoni.

Mzizi huo huo umo katika "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo". Huko Transylvania, nchini Romania, ambako Mmarekani Katherine Verdery alianza kufanya utafiti katika miaka ya 1970, yaliyopita yalikuwa ndwele hasa. Sheria Namba 18 ya mwaka 1991 iliagiza ardhi iliyokuwa chini ya mashamba ya ushirika irudishwe kwa waliokuwa wakiimiliki au kwa warithi wao. Kwenye karatasi, jambo hilo ni jepesi. Kwenye udongo, mipaka ya zamani ilikuwa imelimwa na matrekta hadi ikafutika, wenye mashamba wengi walikwisha kufa, watoto wao walikuwa wafanyakazi wa mijini, na waliokuwa na usemi katika kugawa ardhi hiyo mara nyingi walikuwa viongozi wale wale wa vijiji na ushirika. Mkulima aliyefanikiwa kupata hekta zake angeweza kukosa trekta la kuzilimia. Mtu huyo amesonga mbele, au amerudishwa miaka arobaini nyuma? Verdery alifika mahali pa kuuliza, kwa uchokozi wa makusudi, kama Romania ilikuwa ikitoka kwenye ujamaa kwenda kwenye ukabaila.

Mwingereza Caroline Humphrey alikuwa amechapisha mwaka 1983 utafiti wake kuhusu mashamba ya pamoja ya Buryatia, Siberia, ambako mashamba aliyoyatafiti yalipewa jina la Karl Marx. Kitabu kilipotoka upya mwaka 1998, kichwa chake kilisema kwamba Marx ameondoka lakini Karl amebaki. Siasa ya shamba iliondoka, ila shamba lenyewe, kama mahali ambapo watu wa pale waliendelea kupategemea, halikuondoka nayo. Sijui ni mpito gani unaoweza kulibeba hilo.

Neno "ujamaa" nalo lina mzigo wake, ingawa sitaligombea sana. Nyerere alipoliandikia mwaka 1962 aliliegemeza kwenye undugu wa jamaa, akaukataa waziwazi usoshalisti unaojengwa juu ya uadui wa matabaka. Kwa hiyo mkulima wa Romania aliyenyang'anywa shamba tunamvisha neno lisilomkaa vizuri. Hata "baada ya" inataka tahadhari, nasi Watanzania tungepaswa kulijua hilo kuliko wengine: Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lililegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa na Azimio la Arusha, lakini ibara ya 3 ya Katiba yetu bado inaitaja nchi hii kuwa ya kijamaa.

Badala ya "mpito", "mageuzi" lingefaa, kama halingekuwa limekwisha kuchukuliwa na siasa za vyama vingi. "Mabadiliko" ni neno lililopooza, lakini halimdanganyi mtu kuhusu mwisho wa safari. Anayetaka kubaki na mzizi alioupenda anaweza kuandika "jamii zilizopitia ujamaa", kwa sababu kauli hiyo ya kutendea inataja walichokipitia na kunyamaza kuhusu wanakokwenda. Mwandishi wa muhtasari ule akirekebisha hapo tu, mengine na ayaache kama yalivyo, kwani ameyaandika vizuri.