Ekseli na Beringi za Kushukia Mlima: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Anayetaka kuanza kushuka milima kwa skeitibodi, au kwa luji ya barabarani (ule ubao mrefu, wa chini kabisa, ambao dereva hulala chali miguu ikitangulia), kwa kawaida huuliza kwanza: beringi gani zina kasi? Swali limekaa upande tangu mwanzo. Kasi inaletwa na mteremko. Kazi ya beringi na ekseli ni kulishika gurudumu limenyooka pale ubao unaposerereka kiubavu kwenye kona, na hapo ndipo nyingi hufia.

"ABEC 9 inakimbia kuliko ABEC 3"

ABEC ni mizani ya Wamarekani ya usahihi wa vipimo, yenye ngazi 1, 3, 5, 7 na 9. Inapima kipenyo cha tundu, kipenyo cha nje, upana, na ringi inavyoyumba ikizunguka. Kwa beringi ya skeitibodi, ambayo ni 608 (tundu mm 8, nje mm 22, upana mm 7), ngazi ya 1 inaruhusu tundu lipungue hadi mikroni 8 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na ngazi ya 9 hadi mikroni 2.5. Tofauti ni mikroni tano na nusu.

Sasa angalia ekseli inayoingia humo. Traki nyingi, yaani ile mihimili inayobeba magurudumu chini ya ubao, zina ekseli ya inchi 5/16, ambayo ni mm 7.94. Tundu ni mm 8.00. Kabla hujafunga nati tayari una pengo la mikroni 60. Kulipia mikroni tano juu ya pengo hilo ni kupiga pasi shati la kwendea shamba.

Tena ABEC haisemi neno kuhusu ugumu wa chuma, ulaini wa njia ya gololi, keji (kile kishikio kinachotenganisha gololi), grisi wala uwezo wa kubeba mzigo. Kuhusu mizunguko, usihangaike: gurudumu la mm 70 huzunguka kama mara 7,580 kwa dakika kwenye km 100 kwa saa. Mwaka 2016, kwenye mteremko wa Les Éboulements, Québec, Kanada, Mike McIntyre alifikisha km 164.12 kwa saa kwa luji. Mwaka uliofuata, Pete Connolly alifikisha hapohapo km 146.73 kwa skeitibodi. Hata kwa kasi ya luji ile, gurudumu la mm 70 lingezunguka mara 12,400 hivi kwa dakika, na 608 ya kawaida yenye sili za mpira hustahimili zaidi ya 20,000. Zenye kinga za bati hupita 30,000.

"Izungushe kwa kidole, inayozunguka muda mrefu ndiyo nzuri"

Jaribio hili linapendwa sana dukani, nalo linapima kitu kimoja tu: wepesi wa kilainishi wakati beringi haijabeba chochote. Beringi kavu isiyo na tone la mafuta itashinda shindano hilo, kisha itakufa wiki ijayo.

Tupige hesabu. Mtu na ubao wake, kilo 80, ni nyutoni 785. Msuguano wa beringi ya gololi ni kama 0.0015 ya mzigo, nao unafanya kazi kwenye tundu la mm 8 ilhali gurudumu lina mm 70. Kwa hiyo 785 × 0.0015 × 8 ÷ 70: nyutoni 0.13. Hewa, kwenye km 80 kwa saa, humrudisha nyuma hata aliyejikunja vizuri kwa nyutoni 50 hadi 60. Zidisha msuguano wa beringi mara kumi kwa sababu ya grisi nzito na sili, bado hujafika nyutoni mbili. Mpira wa gurudumu wenyewe, unavyobonyea na kurudi, hula zaidi ya hapo. Anayetaka kasi arekebishe mkao wake na avae nguo isiyopeperuka.

"Spesa ni mapambo, na nati iachwe imelegea kidogo"

Hii ndiyo dhana yenye madhara kuliko zote, na inasemwa hata na watu wenye miaka mingi kwenye ubao.

Spesa ni kile kibomba kidogo, tundu mm 8 na urefu wa takriban mm 10, kinachokaa ndani ya gurudumu katikati ya beringi mbili. Ona kinachotokea unaposerereka. Lami inalisukuma gurudumu kwa ubavu, lakini inalisukuma chini kabisa, mm 35 kutoka kwenye ekseli. Beringi zako mbili zimepishana mm 17 tu, katikati hadi katikati. Msukumo wa nyutoni 200 kwenye lami kwa hiyo unageuka kuwa zaidi ya nyutoni 400 kwa kila beringi, moja ikivutwa juu na nyingine chini, kama mtu anayeng'oa msumari kwa kuutikisa. Juu ya hapo nyutoni 200 zilezile zinasukuma ringi za beringi kiubavu. Kwa beringi ndogo kama 608, ushauri wa watengenezaji ni kwamba mzigo wa ubavuni usizidi robo ya uwezo wake wa kubeba ikiwa imesimama. Uwezo huo ni karibu nyutoni 1,370, na robo yake ni kama nyutoni 340, sawa na uzito wa kilo 35.

Ukiwa na spesa na nati imekazwa, washa, ringi za ndani na spesa hubanana na kuwa kama bomba moja linaloivaa ekseli. Ringi haziwezi kuinama, na ekseli nayo inapata mgongo wa pili. Bila spesa una njia mbili tu, zote mbaya. Ukikaza nati, ringi za ndani zinasogeleana na gololi zinabanwa kandoni mwa njia yake. Ukiilegeza, ringi zinapigapiga kwenye ekseli kila ubao unapoingia na kutoka kwenye mserereko, hadi chuma cha ekseli kinafanya ngazi.

Mpangilio kutoka kwenye hanga, ile sehemu ya traki inayoishika ekseli, ni huu: washa, beringi, spesa, beringi, washa, nati. Kwa ubao mzima ni beringi 8, spesa 4, washa 8 na nati 4. Washa zisidharauliwe, kwa maana ndizo zinazoizuia nati na bega la hanga kugusa kinga ya beringi.

Kaza nati hadi ikae sawasawa, kisha jaribu vitu viwili. Shika gurudumu ulitikise kiubavu: lisicheze. Lizungushe: lisibanwe. Likiwa jepesi nati ikilegea na zito nati ikikazwa, spesa ni fupi kuliko nafasi iliyomo ndani ya gurudumu. Pima nafasi hiyo kwa kalipa, kisha ongeza washa nyembamba ya mm 0.1 ubavuni mwa spesa, na nyingine ikihitajika. Likicheza hata nati ikikazwa, ama spesa ni ndefu mno, ama beringi haijafika mwisho wa kikalio chake (lile tundu la gurudumu inamokaa), ama kikalio chenyewe kimepanuka. Gurudumu lenye kikalio kilichopanuka halina dawa.

Kwa kuingiza beringi, ivalishe kwenye ekseli kisha likandamize gurudumu juu yake kwa viganja viwili hadi likae. Geuza, tumbukiza spesa, rudia upande wa pili. Nyundo isikaribie: pigo kwenye ringi ya ndani hupita kwenye gololi na kuacha vishimo kwenye njia yake.

"Ekseli ya titani ni imara kuliko ya chuma"

Titani haishiki kutu na ni nyepesi, hilo hakuna anayebisha. Ila ukakamavu wake ni karibu nusu ya chuma (gigapaskali 110 dhidi ya 205), maana yake kwa mzigo uleule inapinda karibu mara mbili kabla ya kurudi. Ekseli ya mm 8 yenye urefu wa sm 25 ina gramu 99 ikiwa ya chuma na 56 ikiwa ya titani. Umeokoa gramu 43 kwenye kitu ambacho mteremko ndio unakisukuma. Kwa ubao wa mtaani unaorushwa juu ya ngazi ningeelewa. Kwa mlimani, chuma cha kromu na molibdeni kilichopitishwa motoni.

Kinachokakamaza ekseli ni unene. Ya mm 10 ina ukakamavu mara 2.4 wa ile ya mm 8. Basi kwa nini wote wasihamie 10? Kwa sababu kikalio cha gurudumu kimebaki mm 22. Beringi ya tundu la mm 10 inayoingia humo, 6900, ina upana wa mm 6 na gololi ndogo zaidi, hivyo unachokipata kwenye ekseli unakipunguza kwenye beringi. Traki kadhaa zilizochongwa kwa mashine zinapita katikati: mm 10 ndani ya hanga, kisha inashuka hadi mm 8 mahali pa gurudumu. Ukiinunua hiyo, kagua kona ya ule mshuko. Iwe na mviringo laini, kwani kona kali ndiyo mwanzo wa ufa.

Angalia pia nyuzi. Ya inchi 5/16 ina nyuzi 24 kwa inchi, na nati yake hufunguliwa kwa spana ya inchi ½. Spana namba 13 itaingia, ila inacheza na kumega kona. Ekseli za mm 8 halisi mara nyingi hutaka nati ya M8, yenye nyuzi za kimilimita, na ukilazimisha moja kwenye nyingine utaharibu nyuzi zote mbili.

"Beringi za kauri hazihitaji matunzo" na "za duka la spea hazifai"

Zinazoitwa za kauri kwa kawaida ni nusu: gololi ni kauri, ringi ni chuma, na ringi zinashika kutu kama kawaida. Gololi ngumu vile, zikipigwa na shimo la barabara, hukandamiza njia kuliko za chuma. Faida yake ni kwenye mizunguko ambayo huwezi kuifikia.

Upande wa pili, 608 ndiyo beringi ya mota ndogo na mashine nyingi za mkono, kwa hiyo utaipata Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, bila kutafuta neno skeitibodi. Chagua 608-2RS (yenye sili za mpira pande zote mbili) kutoka kiwanda kinachojulikana. Ikiwa imeandikwa C3, pengo lake la ndani ni kubwa kidogo, na kwa mizigo ya ubavuni si hasara. Utanunua washa na spesa kando.

Maji yakiingia, usinyunyize dawa ya kulegeza kutu ukadhani umelainisha. Inaosha grisi na kuyeyuka. Toa sili kwa ncha ya sindano, zioshe kwa maji ya sabuni. Beringi yenyewe itikise ndani ya spiriti, ikaushe palepale, tia matone mawili ya mafuta au grisi ijaze theluthi moja ya nafasi.

Kabla ya kurudisha sili, shika ringi ya ndani, isukume kiubavu kwa kidole na uizungushe polepole. Ukihisi inakwama kwenye vituo vilivyopishana sawasawa, gololi zimeshachimba njia na hakuna mafuta yatakayoirudisha. Itoe pamoja na mwenzake wa gurudumu hilohilo, maana zilibeba mizigo ileile.