Kulanti Haipungui Yenyewe

Wiki hii, kwa mara nyingine, mwenye gari amenieleza kwamba kulanti, yaani maji yenye dawa ya kupoza injini, hupungua kama petroli, na kwamba hakuna panapovuja kwa kuwa chini ya gari ni pakavu. Nimechoka kulisikia jambo hili, kwa sababu wanaoliamini huniletea injini zilizokwisha kuchemsha. Mfumo wa kupoza injini umefungwa, na injini haili kulanti. Ukilazimika kuongeza kila baada ya wiki mbili, ipo njia inakotokea.

Dimbwi si kipimo. Injini ikipata moto, shinikizo ndani ya mfumo hupanda hadi takriban baa 1 juu ya lile la hewa ya nje, nalo huisukuma kulanti kupitia ufa usioonekana gari likiwa limepoa. Tone likiangukia chuma cha nyuzi 90 hukauka kabla ya kufika chini, likaacha ukoko mweupe au wenye rangi ya kulanti yenyewe. Ukoko huo ndio ninaoutafuta kwa tochi: kwenye maungio ya hosi, kwenye mshono wa rejeta ambapo plastiki hukutana na alumini, na chini ya wota pampu, ile inayozungusha kulanti, penye kitundu kilichowekwa makusudi ili sili yake ya kuzuia uvujaji ikichoka ijulikane. Zulia likilowa ndani na vioo vikishika ukungu wenye harufu tamu, tazama rejeta ndogo ya hita. Maji safi yanayodondoka kiyoyozi kikiwashwa yasikusumbue.

Nikikosa dalili hizo, huunganisha pampu ya kupimia shinikizo kwenye mdomo wa rejeta, nikapandisha shinikizo hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko wa rejeta, kisha nikasubiri. Hata hivyo, mshale wa pampu hiyo waweza kutulia kabisa injini ikiwa baridi, ilhali silinda hedi, kipande cha juu cha injini, ina ufa unaofunguka kwa joto tu. Dawa ya buluu inayogeuka manjano ikikutana na gesi za mwako zilizopenya kwenye kulanti husaidia, lakini hata ikigeuka siwezi kuapa kama ni gasketi inayoziba chini ya hedi au ni hedi yenyewe mpaka niifungue injini, na fundi anayekuhakikishia kabla ya hapo anabahatisha.

Dawa za kuziba uvujaji siziweki, kwani hazichagui tundu: huziba ufa na vijia vyembamba vya hita kwa pamoja. Kabla ya kununua rejeta mpya, badilisha kwanza mfuniko ambao sili yake imekauka, na uufungue injini ikiwa imepoa kabisa.