SHA inafinya wapi, na nani wa kuulizwa

Tangu Oktoba 1, 2024, SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya nchini Kenya, ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, ni nadra baraza kwisha bila mtu kuuliza: mbona nimelipa na hospitali bado inanidai? Kiongozi hujibu kwa kutaja mamilioni ya waliojisajili. Swali lilikuwa la malipo, jibu likawa la usajili, na watu hutawanyika wamekasirika zaidi. Hasira hiyo ni halali. Ila nyingi humwagwa kwenye ile asilimia 2.75 inayokatwa kwenye mshahara, ilhali mfumo unafinya kwingine.

Asilimia yenyewe tuimalize upesi. NHIF ilikata kwa madaraja, kutoka shilingi 150 hadi 1,700. SHIF, ambayo ni hazina ya bima iliyo chini ya SHA, hukata asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato mengine, isipungue 300, na haina kikomo cha juu. Mwenye mshahara wa 20,000 alikuwa akitoa 750, sasa 550. Wa 50,000 amepanda kutoka 1,200 hadi 1,375. Wa 100,000 alitoa 1,700, sasa 2,750. Mpaka uko kwenye elfu thelathini na kitu: walio chini yake wengi wamepata nafuu, isipokuwa mwenye chini ya 6,000, ambaye 150 yake imekuwa 300. Tena tangu mwisho wa Desemba 2024 makato haya huondolewa kabla ya kukokotoa PAYE, yaani kodi ya mshahara. Kwa hiyo anayesema kila mfanyakazi ameongezewa mzigo hasemi kweli, na anayesema hakuna aliyeongezewa hasemi kweli pia.

Kwa mama mboga, fundi wa jua kali na mtu wa bodaboda, hesabu ni nyingine kabisa. Zamani alilipa 500 kwa mwezi, akishindwa mwezi mmoja anajua deni lake. Sasa hana hati ya mshahara, basi mapato ya kaya yake hukadiriwa kwa maswali: paa ni la nini, sakafu ni ya udongo au saruji, mnapikia kuni au gesi, maji mnateka wapi, choo ni cha aina gani, mko wangapi. Majibu yanaingia kwenye fomula, na fomula inatoa kiasi cha kulipa, kisha kiasi hicho kinatakiwa cha mwaka mzima kwa mpigo. Kima cha chini kabisa ni 3,600. Ukikadiriwa 600 kwa mwezi, ni 7,200 mkononi kabla hujatibiwa jino.

Kasoro iko wazi. Maswali hayo hupima mali, nayo mali si mapato. Mjane anayeishi kwenye nyumba ya mawe aliyoachiwa na mumewe ataonekana tajiri kuliko mpangaji wa chumba cha mabati anayeuza nguo kila siku na kupata faida nono. Kwa kipato kinachokuja kwa msimu, iwe mvua au samaki, fomula haina jicho. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole ulikuja baadaye kupunguza makali ya mkupuo, lakini tuuite jina lake: ni mkopo. Ukipewa kiasi usichokielewa, usilipe wala usisuse. Piga *147# kwenye simu au ingia Afya Yangu, mtandao wa usajili wa SHA, pitia majibu yako moja moja, kisha uende ofisi ya SHA ya kaunti au Huduma Centre ukiwa na kitambulisho. Makosa ya kawaida ni mwenzi ambaye hajaunganishwa kwenye kaya yako, na mtoto mchanga ambaye hakuongezwa kabla ya kuugua.

Sasa hospitalini. SHA ina hazina tatu, na wanasiasa huzichanganya zote kwa neno moja, "bure". Hazina ya afya ya msingi hugharamia zahanati na vituo vya afya. Hapo unahitaji kujisajili tu, hata kama hujalipa chochote, kwa sababu pesa hutoka serikalini. SHIF ndiyo inayolipa ukilazwa na ukifanyiwa upasuaji katika hospitali za ngazi ya 4 hadi 6, na hapo michango yako sharti iwe hai. Ya tatu ni ya dharura na magonjwa sugu, ambayo mgonjwa wa saratani, kwa mfano, huifikia kikomo cha SHIF kikiisha.

Hata ukiwa umelipa kila senti, SHA hulipa kwa tarifa, yaani orodha ya viwango iliyochapishwa, si kwa bili yako. Kujifungua kwa njia ya kawaida ni 10,000, kwa upasuaji 30,000, kusafishwa damu 10,650 kwa kila kikao. Hospitali ya binafsi ikitoza 90,000 kwa upasuaji huo, 60,000 ni zako. Kwa matibabu yasiyo ya dharura, uliza mambo matatu kabla ya kulazwa: hospitali hii ina mkataba na SHA kwa huduma hii hasa? Idhini ya SHA imeombwa na imekubaliwa? Nyongeza yangu ni kiasi gani? Omba la tatu kwa maandishi.

Katika hospitali ya umma shida hujitokeza kwa sura nyingine: unaandikiwa dawa ukanunue nje. Hapo fuata pesa. Hospitali hutuma madai SHA, madai hukaa, deni kwa KEMSA, shirika la serikali linalosambaza dawa, linakua, rafu zinabaki tupu. Zaidi ya hayo, madeni ya NHIF yalirithiwa. Machi 2025 Rais Ruto aliagiza madai yasiyozidi milioni 10 yalipwe yote na makubwa zaidi yakaguliwe kwanza. Na pesa zikishafika kaunti, kuna mtego wa pili: sheria ya 2023 inasema hospitali ibaki na mapato yake na kuyatumia. Pale kaunti inapoendelea kuyavuta kwenye akaunti yake kuu, daktari hana hata ya kununua glavu.

Kutoaminika kwa viongozi nako hakukuzuka hewani. Julai 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria zilizoleta SHA zilipitishwa bila wananchi kushirikishwa ipasavyo, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na mpango ukaendelea. Machi 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu, Nancy Gathungu, ilionyesha kuwa mfumo wa kidijitali wa SHA wa shilingi bilioni 104.8 si mali ya serikali. Ukiwa unakatwa kila mwezi, habari hiyo haimezeki.

Kwa hiyo mkutano ujao, gawa maswali. Mbunge aulizwe Bunge limetenga kiasi gani mwaka huu kwa hazina ya afya ya msingi na ile ya magonjwa sugu, na kiasi gani kimetolewa kweli, kwa sababu SHIF haiwezi kuziba pengo la hizo mbili. Gavana aulizwe kama hospitali ya kaunti ina akaunti yake na nani anatia sahihi. Tarifa ni za Wizara ya Afya, zisipelekwe kwa MCA, mwakilishi wa wadi. Yeye mpe kazi iliyo saizi yake: ataje dawa ambazo zahanati ya wadi ilikosa mwezi uliopita.