Kutoa Jeshi Vitani: Ya Kijiweni Mwanjelwa na Yaliyotokea Kweli

Kijiwe chetu cha kahawa pale Mwanjelwa, Mbeya, kina madereva wengi wa malori, na dereva wa lori hakosi neno la Kongo. Mwishoni mwa Januari 2025, mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, Simba na Yanga ziliwekwa pembeni, tukabishania askari wetu walioko kule: watolewe au wabaki? Kila mtu alikuwa na jibu kabla kahawa haijapoa. Mengine nimekuwa nikiyasikia tangu Wamarekani walipotoka Kabul, na najua nitayasikia tena.

"Kongo naijua, nimepita wiki iliyopita."

Kaka, umepita Kasumbalesa. Lori likitoka Tunduma, likakata Zambia hadi Lubumbashi, limeingia Kongo ya kusini. Kutoka hapo mpaka Goma ni zaidi ya kilomita 1,000 hata kama ungeruka kama kunguru. Utulivu wa barabara ya shaba hauelezi chochote kuhusu Kivu, huko iliko Goma.

"Jeshi letu kule ni moja, likitoka limetoka."

Yalikuwa mawili, na hapa ndipo wengi tunapojikwaa. La kwanza liko chini ya Umoja wa Mataifa. Machi 2013 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2098, liliunda brigedi maalumu ya kuwashambulia waasi ndani ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani Kongo. Askari walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, jina ambalo masikio ya Tukuyu huligeukia mara moja. La pili ni SAMIDRC, lililopelekwa na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kuanzia Desemba 2023, likiwa na nchi zilezile tatu. Uamuzi wa wakuu wa nchi za SADC wa 13 Machi 2025, uliofikiwa katika kikao cha mtandaoni, ulihusu hili la pili tu. Lile la UN lina mamlaka yake na kalenda yake.

Hiyo brigedi ya 2013 inafaa kukumbukwa kwa sababu nyingine. Ilishinda. Kufikia Novemba mwaka huo, jeshi la Kongo likisaidiwa nayo lilikuwa limeitimua M23, wapiganaji wakakimbilia Uganda na Rwanda, na Desemba makubaliano yakatiwa saini Nairobi. Kisha mengi kati ya yale yaliyoandikwa hayakutekelezwa, na mwishoni mwa 2021 M23 walikuwa wamerudi na bunduki. Karibu miaka minane! Askari walinunua muda, lakini wanasiasa waliokabidhiwa muda huo hawakuutumia. Mimi kila nikisikia mjadala wa kutoa jeshi, huwa nauliza hilo kwanza: muda ulionunuliwa ulikwenda wapi?

"Ukiondoka umeshindwa."

Wacuba waliingia Angola 1975. Desemba 1988 makubaliano yalisainiwa New York: wao wangeondoka kwa awamu, askari wapatao 50,000 katika miezi 27, na Afrika Kusini ingeiachia Namibia. Namibia ikawa huru 21 Machi 1990, na Mcuba wa mwisho akaondoka Mei 1991, kabla ya siku iliyopangwa. Mwenye kutaka kukuita kushindwa huko na akuite. Tena ukweli wote usemwe: vita vya Waangola wenyewe viliendelea hadi alipouawa kiongozi wa waasi, Savimbi, Februari 2002. Wacuba walipata walichokifuata, Waangola wakabaki na cha kwao.

Sisi tunao mfano wa nyumbani, na huu kijiweni hautajwi sana, labda kwa sababu unachoma. Baba yangu mdogo, mtu wa Kiwira, alichukuliwa kama mgambo mwishoni mwa 1978, siku zile za vita na Idi Amin, redio ilipokuwa ikirudia maneno ya Mwalimu Nyerere: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Kampala ilianguka 11 Aprili 1979, na mwanzoni mwa Juni majeshi yetu yalikuwa yamefika mpaka wa Sudan. Hapo ndipo watu wengi hufunga hadithi. Lakini wanajeshi wa Tanzania walibaki Uganda hadi 1981. Baba mdogo alikuwa akisimulia vita kwa kicheko, mikono ikirushwa huku na kule. Ukimuuliza mwaka uliofuata, anaomba maji ya kunywa.

Katika muda huo Yusuf Lule alitawala siku 68 tu, akaja Binaisa, akaondolewa Mei 1980 na Tume ya Kijeshi, ukafuata uchaguzi wa Desemba uliomrudisha Obote. Februari 1981 Museveni alishambulia kambi ya Kabamba na vita vya msituni vikaanza, baadhi ya askari wetu wakiwa bado Uganda. Mzee mmoja kijiweni husema tulitoka mapema mno. Jirani yake husema tungetoka Juni 1979. Mimi naona wote wawili wanatafuta tarehe, wakati tatizo halikuwa tarehe. Kuondoka Juni kungeiacha Uganda bila mtu wa kulinda hata barabara. Kukaa miaka mingine miwili kusingewapatanisha Obote na Museveni. Na huku nyumbani Mwalimu alikuwa ametuomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Mkanda haukufunguliwa baada ya miezi 18. Mama alipanga foleni ya sukari Tukuyu, na sabuni ya mche tuliikata vipande kama nyama ya harusi.

"Tukiondoka, damu ya vijana wetu imemwagika bure."

Hoja hii ni nzito na siifanyii mzaha. Desemba 2017 kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa na wapiganaji waliodhaniwa kuwa wa ADF, waasi wenye asili ya Uganda, na walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 wakafa. Januari 2025 Watanzania wengine wawili waliuawa katika mapigano ya karibu na Goma, pamoja na Wamalawi na idadi kubwa zaidi ya askari wa Afrika Kusini.

Ila hoja ya damu haina breki. Kila anayekufa huwa sababu ya kumpeleka mwingine, na kadiri mambo yanavyoharibika ndivyo inavyozidi kupata nguvu. Watu wa Iringa wanaijua kutoka upande wa pili wa mkuki. Pale Lugalo, 17 Agosti 1891, Wahehe waliivamia safu ya Wajerumani, wakamuua kamanda wao Zelewski na sehemu kubwa ya kikosi chake. Wajerumani hawakusema basi. Walirudi, wakaipiga ngome ya Kalenga Oktoba 1894, wakamwinda Mkwawa, chifu wa Wahehe, hadi kifo chake Julai 1898. Miaka saba, na Uhehe ikachomwa kijiji kwa kijiji. Damu ya Lugalo ilidai damu nyingine, na aliyelipa zaidi alikuwa mwenye nchi.

Mzazi anauliza mwanawe alikufa kwa ajili gani, na anastahili jibu la kweli. Anayeamua kumpeleka mtoto wa jirani kesho anapaswa kujiuliza kama kuna kitu kitabadilika akimpeleka. Hayo ni maswali mawili, na yakichanganywa, la kwanza hutumika kulikwepa la pili.

"Jeshi la kigeni likitoka, serikali inaanguka siku hiyohiyo."

Hii imetokana na picha za Kabul. Kabul iliangukia kwa Taliban 15 Agosti 2021 hata kabla ya Mmarekani wa mwisho kupanda ndege tarehe 30. Lakini nchi hiyohiyo ina mfano unaopingana na huo. Wasovieti walitoka Afghanistan 15 Februari 1989, na wengi walimpa Rais Najibullah miezi michache. Alidumu hadi Aprili 1992. Kilichomwangusha kilikuja baada ya Umoja wa Kisovieti wenyewe kufa Desemba 1991: fedha, mafuta na silaha vilikatika, na majenerali wake wakaanza kuhama. Buti zilikuwa zimeshaondoka miaka mitatu kabla. Marekani nayo ilisaini makubaliano ya kuondoka na Taliban huko Doha, Februari 2020, serikali ya Kabul ikiwa nje ya chumba. Askari wa Kiafghani asiyejua kama mshahara utafika, na anayejua wakubwa wameshaelewana na adui yake, atapigana kwa ajili ya nani?

"Wageni wakitoka vita vitaisha, maana wao ndio chanzo."

Muulize Msomali. Waethiopia walitoka Januari 2009, na al-Shabaab hawakuweka silaha chini.

"Wanang'ang'ania kule kwa sababu ya dola."

Umoja wa Mataifa hulipa zaidi ya dola 1,400 kwa mwezi kwa kila askari wa kulinda amani, lakini huilipa serikali iliyompeleka. Serikali ndiyo humlipa askari mshahara na posho yake. SAMIDRC haikuwa hata chini ya mpango huo. Ilikuwa ya SADC, na mzigo wake mkubwa ulibebwa na nchi zenyewe.

"Kutoka ni kupanda gari tu."

Goma ikiwa mikononi mwa M23 na uwanja wa ndege umefungwa, SAMIDRC walikuwa wamezingirwa kambini. Walipoanza kutoka, mwishoni mwa Aprili 2025, ilibidi wapite kwa barabara ndani ya Rwanda hadi Chato, Tanzania. Ndiyo, Rwanda hiyohiyo ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema inaisaidia M23, jambo ambalo Kigali inalikana. Siku hiyo kijiwe kilikaa kimya kwa muda. Kisha dereva mmoja, wa njia ya Kigali, akauliza kama askari nao walikaguliwa mizigo pale Rusumo, maana yeye mara ya mwisho alilala siku mbili.