Kwa nini mtoto mwingine hufikisha mwaka bila jino hata moja?

Meno ya mtoto huanza kuumbika mama akiwa bado mjamzito, mimba ikiwa na takribani wiki sita. Mtoto anapozaliwa, vichipukizi vya meno yote 20 ya utoto vimeshajipanga ndani ya taya. Linalobaki ni wakati wa kuchomoza, na huo kila mtoto ana wake. Wengi huota la kwanza, kwa kawaida la mbele chini, kati ya miezi sita na kumi. Wapo wa miezi minne, na wapo wanaovuka mwaka wakiwa vibogoyo na afya tele.

Mara nyingi ni urithi. Waulize bibi wa pande zote mbili. Huenda baba yake naye alichelewa vivyo hivyo. Mtoto njiti mhesabie umri kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Utapiamlo na upungufu wa vitamini D pia huchelewesha meno, na hapo utaona utosi unachelewa kufunga au miguu inapinda matege. Tezi ya shingo isipofanya kazi vizuri, mtoto hulala mno, hupata choo kigumu na hakui ipasavyo.

Kuna jambo linaniumiza sana: kung'oa "meno ya plastiki", yanayodhaniwa kumletea mtoto homa na kuharisha. Mtoto anaharisha au ana homa, mtu anampapasa fizi, anaona uvimbe mweupe pale chonge litakapotokea, kisha anauchokonoa kwa kisu au spoku ya baiskeli. Kile anachokitoa ni jino lenyewe, changa. Mtoto anaweza kuvuja damu nyingi, kupata pepopunda, hata kufa. Akipona, chonge la utoto haliji tena, na la ukubwani linaweza kuota limeharibika. Ile homa nayo ilihitaji kupimwa malaria, na kuharisha kulihitaji ORS (dawa ya unga ya kuchanganya na maji) na zinki.

Chakula kisisubiri meno. Akifikisha miezi sita mwanzishie uji mzito, ndizi iliyopondwa, viazi na mboga laini, huku akiendelea kunyonya. Fizi zake zina nguvu ya kuvisaga.

Akifika miezi 18 bila jino lolote, mpeleke kwa daktari wa meno. Ukiona dalili nilizozitaja, au nywele chache mno na ngozi isiyotoa jasho, usingoje umri huo: lisemee kliniki mnapokwenda kumpima uzito.