Ukubwa wa Benki na Usalama wa Amana Yako

Wafanyabiashara wa dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, hupenda kutuuliza benki ipi ni kubwa kuliko zote, ili fedha za msimu zikalale huko. Swali ni la haki, ila linachanganya mambo mawili: ukubwa wa benki na kinga anayopata mweka amana benki ikianguka.

Ukubwa wa benki zetu una historia yake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, benki za biashara zilitaifishwa, na Benki ya Taifa ya Biashara, yaani NBC, ikatawala soko kwa zaidi ya miaka 20. Sheria ya mwaka 1991 ilifungua mlango kwa benki binafsi. Mwaka 1997 NBC iligawanywa: ikabaki NBC mpya, ambayo Absa ya Afrika Kusini ilinunua asilimia 55 ya hisa zake mwaka 2000, na ikazaliwa NMB, iliyorithi matawi mengi ya wilayani. CRDB ilipita njia yake, kwani ilianza mwaka 1984 kama benki ya ushirika na maendeleo vijijini, kisha ikabinafsishwa mwaka 1996. Leo CRDB na NMB ndizo zinazoongoza kwa rasilimali, na hisa zao huuzwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kwa hiyo mkulima wa pamba anayeikuta NMB makao makuu ya wilaya yake anaona, kwa sehemu kubwa, urithi wa matawi ya zamani ya serikali.

Ukubwa huo una faida: matawi, mawakala mpaka mialoni, na uwezo wa kutoa mkopo mnene kwa mwenye kiwanda cha samaki. Lakini kinachoizuia benki isianguke ni mtaji wa kutosha na mikopo inayolipwa. Ndiyo maana Benki Kuu ya Tanzania hufuatilia kwa karibu mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa kwa wakati, na hutaka isizidi asilimia 5 ya mikopo yote.

Watu wa Kanda ya Ziwa hawahitaji mfano wa mbali. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki 5 kwa upungufu wa mtaji, mojawapo ikiwa benki ya ushirika ya wakulima wa Kagera. Zote zilikuwa ndogo, na ningekosea kuficha hilo. Hata hivyo kilichozifunga ni mtaji kupungua, na benki ya ukubwa wowote inaweza kupungukiwa mtaji.

Benki inapofungwa, Bodi ya Bima ya Amana humlipa mweka amana. Wakati ule kikomo cha malipo kilikuwa shilingi 1,500,000. Sasa ni 7,500,000. Kikomo hicho humhusu mtu mmoja katika benki moja, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Tuseme mama muuza dagaa ana shilingi 6,000,000 katika akaunti ya akiba na 4,000,000 katika akaunti ya biashara iliyo kwa jina lake, zote benki moja. Akaunti hizo hujumlishwa kuwa 10,000,000, naye hulipwa 7,500,000. Shilingi 2,500,000 zinazobaki husubiri mfilisi auze mali za benki na kukusanya madeni, kazi inayoweza kuchukua miaka. Angeziweka akaunti hizo katika benki mbili tofauti, kila moja ingekuwa ndani ya kikomo. Mweka amana halipii bima hii. Mchango hutolewa na benki yenyewe.

Bima hiyo haigusi fedha za kikoba zilizofungiwa sandukuni, wala akiba iliyo katika SACCOS, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Kwa benki, cha kuhakikisha kwanza ni leseni. Orodha ya benki zenye leseni ipo kwenye tovuti ya Benki Kuu, na asiye na intaneti anaweza kuulizia katika tawi la Benki Kuu la hapa Mwanza.